Msitu wa Chui Milia

Kaskazini ya Bara Hindi, pale nchi tambarare inapokoma na vilima vya kwanza vya Himalaya vikaanza kuinuka, huteremka mto uitwao Ramganga. Bonde la mto huo limejaa miti mirefu ya sal, ambayo mbao zake ni ngumu sana. Kandokando ya mto pana nyasi ndefu ziwezazo kumficha tembo, na ndani ya maji yake hukaa mamba wa namna ya peke yao, wenye pua ndefu nyembamba, ambao chakula chao hasa ni samaki. Mahali hapo leo huitwa Hifadhi ya Taifa ya Corbett. Nimesema hifadhi, wala sikusema mbuga, ingawa tumezoea kupaita mbuga mahali popote palipotengewa wanyama. Mbuga ni uwanda wa wazi; bali hapa, msomaji, jicho haliendi mbali. Ni msitu, na katika msitu mambo mengi husikika kabla ya kuonekana.

Mnyama aliyeupa msitu huo sifa hayuko Afrika, na kwa hiyo lugha yetu haikuwa na jina lake. Wahindi humwita bagh. Sisi twamwita chui milia, lakini jina hilo lisikudanganye. Chui tumjuaye sisi ana madoadoa, hupanda miti, na uzito wake ni mdogo kuliko wa mtu mnene. Naye yuko Bara Hindi vilevile. Chui milia ni mkubwa kama simba au zaidi, dume lake hufikia kilo 200 na kupita, na mwili wake wa rangi ya machungwa una michirizi myeusi. Mtu akidhani kwamba rangi hiyo yaweza kuonekana upesi, na akumbuke kwamba jua la msituni hupenya kati ya majani kwa vipande vipande, na nyasi kavu nazo zina rangi iyo hiyo. Mnyama huyu aweza kulala hatua ishirini kutoka njiani, gari likapita na wote waliomo wasimwone.

Leo mgeni afikaye langoni huomba tikiti ya safari. Neno ni letu hilo. Watu wa huko walikuwa nalo neno safar tangu zamani, nao walilipata kwa Waarabu kama tulivyolipata sisi, lakini safari ya kwenda kutazama wanyama ilitoka Afrika ya Mashariki, ikachukuliwa na Waingereza, ikaenea duniani, mpaka ikafika chini ya Himalaya. Zamani neno lililotumika huko lilikuwa lingine, nalo ni shikar, yaani uwindaji. Na mwindaji aliitwa shikari. Nataka kukueleza jinsi shikar ilivyogeuka kuwa safari katika msitu mmoja, na ni nani waliolipa gharama yake.

Katika karne ya kumi na tisa serikali ya Waingereza ilianza kuulinda msitu huo, lakini haikuulinda kwa ajili ya wanyama. Ilitaka mbao. Reli zilikuwa zikijengwa Bara Hindi nzima, na mti wa sal hutoa mataruma yasiyooza upesi. Wakulima walikatazwa kukata miti ovyo na wafugaji wakawekewa mipaka, lakini wanyama walikuwa halali kwa mwenye bunduki na cheti. Wakubwa wa serikali, wageni wao, na wafalme wa Kihindi walishindana kwa hesabu ya ngozi. Watu mamia waliingia msituni na ngoma na makelele kumfukuza mnyama, naye bwana aliketi juu ya tembo, au katika dungu lililofungwa mtini, akimngoja. Mwaka 1911 Mfalme George wa Tano alipokwenda kuwinda katika nchi jirani ya Nepal, chui milia 39 waliuawa kwa muda wa siku chache tu. Wakati huo hapana aliyeona jambo hilo kuwa la aibu. Magazeti yalisifu.

Katika nchi ya Kumaon, ambayo msitu huu uko chini yake, alizaliwa Edward James Corbett, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jim. Mji aliozaliwa ni Nainital, na mwaka ni 1875. Baba yake alikuwa mkuu wa posta, akafa mwanawe akiwa bado mdogo, nayo jamaa ilikuwa kubwa na mali haba. Wakati wa baridi walishuka kukaa Kaladhungi, karibu kabisa na msitu, na huko kijana alizurura na manati, halafu upinde, halafu bunduki kuukuu. Wakazi wa huko walimfunza kusoma nyayo na kutambua sauti. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya reli kwa miaka mingi, akisimamia upakuzi na upakizi wa mizigo kwenye kivuko cha mto Ganga. Naye hakuwa mwindaji kwa kazi. Uwindaji uliomtia katika historia aliufanya kwa kuombwa.

Maana kulikuwa na chui milia jike aliyekula watu. Yasemekana aliua watu 200 katika Nepal kabla hajafukuzwa huko, kisha akavuka kuingia Kumaon na kuua wengine 236, jumla 436. Wengi wao walikuwa wanawake, kwa sababu wanawake ndio waliokwenda msituni kukata majani ya mifugo na kuokota kuni. Katika vijiji vingine watu walijifungia nyumbani kwa siku nyingi mfululizo, mazao yakiwaharibikia shambani. Mwaka 1907 Corbett aliombwa amwue. Alikubali kwa masharti mawili: zawadi ya fedha iondolewe, na wawindaji wengine wote waitwe warudi. Karibu na mji wa Champawat, mkuu wa tarafa alikusanya watu 298, wengine na mashoka na marungu, wengine na bunduki kuukuu ambazo hazikuwa na kibali, nao wakamfukuza mnyama kutoka bondeni kwa kelele moja kubwa. Corbett alimjeruhi, risasi zikamwishia, akakimbia kumnyang'anya mkuu wa tarafa bunduki yake, na kwa bunduki hiyo akamaliza kazi.

Sasa, msomaji, tafadhali angalia jambo lililoonekana mzoga ulipochunguzwa. Meno mawili ya chonge ya upande wa kulia, la juu na la chini, yalikuwa yamevunjika; la juu limebaki nusu, la chini limevunjika mpaka mfupani. Alikuwa amepigwa risasi zamani na mtu aliyekosa shabaha. Mnyama wa namna hiyo hawezi tena kumshika na kumwua kulungu kama alivyoumbwa, na kati ya viumbe vyote vya nchi mtu ndiye dhaifu kuliko wote. Corbett aliliona jambo hilo tena na tena katika wanyama wengine wala watu aliowaua: huyu ana jeraha la risasi, yule ana miiba ya nungunungu iliyooza mguuni. Mimi naona kwamba hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika maisha yake, kubwa kuliko ushujaa wake. Bunduki ya bwana mmoja aliyetaka ngozi ya kutandika sebuleni kwake ilivunja meno mawili, na wanakijiji 436 wakalipa.

Haikuwa hivyo kila mara. Chui mwenye madoadoa aliyeua watu 125 katika njia ya mahujaji ya Rudraprayag, na ambaye Corbett alimwua mwaka 1926 baada ya miaka minane ya kitisho, hakuwa na kilema ambacho chaweza kutosha kumweleza. Corbett mwenyewe alidhani kwamba chui wa nchi ile walizoea nyama ya watu wakati wa maradhi makuu, maiti zilipokuwa nyingi na wazikaji wachache.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja wala hayakuletwa na mtu mmoja. Kulikuwa na bwana misitu mmoja Mwingereza, F. W. Champion, aliyechoka na bunduki mapema. Alifunga uzi mwembamba katika njia za wanyama usiku, na mnyama alipougusa, taa iliwaka na kamera ikampiga picha. Mwaka 1927 alitoa kitabu cha picha hizo, na watu waliomjua chui milia kwa ngozi tu wakamwona anavyotembea katika nchi yake. Corbett alivutwa na kazi hiyo, naye akaanza kushika kamera mahali pa bunduki. Mwaka 1936, kwa jitihada za mabwana misitu na kwa msaada wa Corbett katika kuweka mipaka, serikali ilitangaza sehemu ya bonde la Ramganga kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Bara Hindi nzima. Ilipewa jina la Hailey, aliyekuwa Gavana kabla ya hapo. Baada ya uhuru iliitwa Ramganga kwa muda mfupi, kisha, katika miaka ya 1950, ikapewa jina la Corbett, nalo limebaki. Si jambo dogo kwamba taifa lililokwisha kuwaondoa Waingereza, huku likibadili majina mengi, lilichagua jina la Mwingereza huyu kwa hiari yake. Watu wa Kumaon hawakusahau kwamba aliwatembelea kwa miguu walipokuwa wamejifungia majumbani.

Corbett hakuwako kuona heshima hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1947, miezi michache baada ya uhuru, aliondoka na dada yake Maggie, wakaja Kenya, wakakaa Nyeri katika nyumba ndogo iliyojengwa kwa ajili ya Baden-Powell. Shamba lake la Choti Haldwani aliwaachia wapangaji wake. Alikuwa mtu wa dola, nasi hatuna haja ya kulificha hilo. Hakutaka kuiona nchi aliyoipenda ikitawaliwa kwa namna nyingine, akaja kukaa katika koloni lingine ambalo nalo lilikuwa karibu kuwaka moto. Usiku wa tarehe 5 Februari, 1952, alialikwa Treetops, kibanda kilichojengwa juu ya mgumo katika msitu wa Aberdare, Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walipokwenda kutazama wanyama. Mzee huyo wa miaka 76 alikesha juu ya ngazi na bunduki yake. Usiku huo huo Mfalme George wa Sita alifariki Uingereza, na yule aliyepanda mtini akiwa binti mfalme aliteremka akiwa malkia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, wapiganaji wa Mau Mau walikichoma moto kibanda hicho. Corbett alifariki mwaka 1955, na kaburi lake liko katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri, si mbali na kaburi la Baden-Powell. Mwanafunzi wa sehemu hizo aweza kwenda kuliona.

Nimesema mengi juu ya bunduki. Yanipasa sasa kusema juu ya ndege, maana wageni wengi wa leo huenda Ramganga kwa ajili yao, wakiwa na darubini shingoni na daftari mkononi, na pengine hawamtaji chui milia kamwe.

Mkuu wa elimu ya ndege katika Bara Hindi alikuwa Salim Ali, aliyezaliwa Bombay mwaka 1896 na kufa mwaka 1987. Naye alianza kwa bunduki. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi alimpiga shomoro kwa bunduki ya upepo, akaona kwamba ndege huyo ana doa la manjano kooni ambalo hakupata kuliona. Mjomba wake, mwindaji hodari, hakuweza kumweleza ni ndege gani, akampeleka katika chama cha wataalamu wa viumbe cha Bombay. Huko alifunguliwa saraka baada ya saraka za ndege waliokaushwa, na tangu siku hiyo hakuiacha kazi hiyo mpaka uzee. Kitabu chake juu ya ndege wa Bara Hindi, kilichotoka mwaka 1941, kiliwafanya watu wa kawaida waweze kuwataja ndege wa nchi yao kwa majina.

Katika hifadhi ya Corbett na misitu inayoizunguka kumeandikwa aina zaidi ya 500 za ndege. Sababu ya wingi huo ni mahali penyewe: hapo hukutana ndege wa tambarare na ndege wa milimani, na wakati wa baridi huongezeka wale wanaokimbia theluji ya juu. Utaona hondohondo mkubwa, ambaye mabawa yake hutoa mvumo anaporuka hata mtu akadhani ni mashine inayokuja. Jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kuatamia, akalishwa na dume kwa ufa mdogo. Utaona furukombe kando ya mto, mdiria wa rangi nyingi, na bundi walao samaki. Na kichakani utaona kuku. Usicheke. Ni jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi unaong'aa, anawika alfajiri kama awikavyo wa kwenu, lakini hana mwenyewe na hakamatiki. Kuku wote tunaowafuga, kutoka Lamu hadi Kisumu, asili yao ni kuku mwitu wa namna hiyo waliofugwa na watu wa Asia maelfu ya miaka iliyopita. Wengi humpita jogoo huyo wakimtafuta mnyama mkubwa. Mimi naona yeye amebadili maisha ya wanadamu zaidi kuliko chui milia wote waliopata kuishi.

Basi ndege na chui milia si habari mbili. Mtu ajuaye msitu hamtafuti chui milia kwa macho kwanza. Humtafuta kwa masikio. Tausi akilia ghafula mchana, si kwa mwito wake wa kawaida bali kwa sauti ya kukatika, amemwona mwindaji chini yake. Kima wa uso mweusi hukohoa kutoka juu ya mti, na kwa kuwa yeye yuko juu, aonavyo yeye kulungu hawaoni. Kulungu wa madoadoa huinua mkia na kupiga mguu chini, na kundi zima huelekeza uso upande mmoja. Sauti hizo zikifuatana, kwanza hapa, kisha mbele kidogo, kisha mbele zaidi, waweza kuijua njia ya mnyama na mwendo wake bila ya kumwona. Tahadhari iko moja: mramba wa huko, mwenye nyuzi mbili ndefu mkiani, ni bingwa wa kuiga sauti za wenziwe, na yule asiyejua aweza kudanganywa naye asubuhi nzima. Elimu hii ndiyo iliyomwokoa Corbett alipowafuata wala watu peke yake, nayo ndiyo hiyo hiyo aitumiayo leo mwongozaji wa wageni anapozima injini na kuinua mkono watu wanyamaze. Haikubadilika. Kilichobadilika ni mwisho wake tu.

Hata hivyo hifadhi ya mwaka 1936 haikutosha. Nje ya mipaka uwindaji uliendelea hata baada ya uhuru, na misitu ikakatwa. Serikali ya India ilikataza kuwinda chui milia mwaka 1970, na hesabu ya mwaka 1972 ikapata 1,827 tu katika nchi nzima. Tarehe 1 Aprili, 1973, mpango mkuu wa kumwokoa ulizinduliwa, na mahali palipochaguliwa kuuzindua palikuwa Corbett. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika miaka hiyo hiyo serikali iyo hiyo ilikuwa ikimaliza bwawa la Kalagarh kwenye mto Ramganga kwa ajili ya umeme na maji ya mashamba, na bwawa hilo lilizamisha sehemu nzuri ya nyasi za bondeni. Mkono mmoja ulitoa na mwingine ukatwaa.

Hesabu za zamani zilifanywa kwa nyayo, na nyayo hudanganya. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba katika hifadhi nyingine, Sariska, chui milia wote walikuwa wamekwisha kuuawa na majangili, ilhali vitabu vya ofisini vilikuwa vikiwahesabu bado. Baada ya hapo zilitumika kamera zinazofungwa kwenye miti, ambazo mnyama hujipiga picha mwenyewe kwa kupita mbele yake. Na kwa kuwa hakuna wawili wenye milia sawa, kila mmoja hutambulikana. Ni mtego wa Champion, umerudi baada ya miaka themanini. Hesabu ya mwaka 2006 ilitoa 1,411. Hesabu ya mwaka 2022 ilikadiria 3,682, na katika Corbett peke yake 260, idadi kubwa kuliko ya hifadhi yo yote ya India.

Lakini 260 hao hula nini na hukaa wapi? Wakizidi, vijana wao hutoka kutafuta makao, na nje ya mpaka kuna mashamba, ng'ombe, na watu. Vijiji vingine viliondolewa ndani ya msitu ili uwe wa wanyama peke yao. Pale palipokuwa kijiji cha Jhirna leo huingia magari ya wageni. Wafugaji wa nyati waitwao Van Gujjar, ambao babu zao walichunga katika misitu hiyo, huambiwa watoke, nao hudai haki yao. Na kando ya hifadhi wanawake bado huenda kukata majani na kuokota kuni, kama walivyokwenda mwaka 1907, na baadhi yao hawarudi. Mgeni mmoja pia, Mwingereza aliyekuwa akiwaongoza watazama ndege, aliuawa mwaka 1985 alipoiacha njia na kuingia kichakani kumfuata bundi. Habari zake zilienea duniani. Habari za mkata majani hufika katika gazeti la wilaya tu, na fidia ya serikali hufuata baadaye.

Ndiyo sababu mgeni haruhusiwi kutembea kwa miguu. Huingia alfajiri katika gari la wazi, na mwongozaji wake aghalabu ni kijana wa vijiji hivyo hivyo vya kando. Mara nyingine mama wa kijana huyo ni mmoja wa wale waendao kukata majani. Gari husimama penye njia panda, injini huzimwa, umande unadondoka kutoka miti ya sal. Kuku mwitu huwika. Kisha kima hukohoa mara moja, juu, upande wa mto, na kijana hugeuza kichwa polepole kusikiliza kama wa pili atajibu.